Chuma cha Warongo: Nchi ya Geita na Shinyanga Kabla ya Dhahabu

Mwalimu wa historia katika shule ya Shinyanga au ya Geita anapotundika ramani ya dunia ili kuwaonesha wanafunzi wake mahali palipochipuka ustaarabu wa kale, aghalabu fimbo yake huanza katika bonde la mto Naili, ikaenda hadi nchi iliyo baina ya mito Tigri na Frati, ikavuka Bara Hindi na kufika China, na iwapo kipindi kingali na nafasi, ikashuka Meroe katika nchi ya Sudani na Nok katika Nijeria. Lakini ni nadra sana fimbo hiyo kurudi na kutua kusini mwa Ziwa Viktoria, katika ardhi ile ile ambayo wanafunzi hao huikanyaga kila asubuhi. Huo ni upungufu unaonihuzunisha, kwa kuwa maarifa ya kuyeyusha chuma, ambayo vitabu vyote huyahesabu miongoni mwa alama kuu za ustaarabu, yalikuwapo katika pande hizi tangu zama za mbali, na yalidumu hadi ndani ya karne ya 20.

Leo jina la Geita likitajwa, msikilizaji hufikiri dhahabu, na jina la Shinyanga humkumbusha almasi ya Mwadui, ambayo John Thorburn Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliigundua mwaka 1940. Dhahabu yenyewe Wajerumani waliitambua kabla karne ya 19 haijaisha, na Waingereza wakaichimba Geita tangu miaka ya 1930. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1966, na mwingine mkubwa zaidi ukafunguliwa mwaka 2000. Habari hizi ni maarufu, nami sina haja ya kuzirefusha. Lisilojulikana sana ni kwamba miamba inayoibeba dhahabu ya Geita, ambayo umri wake unapita miaka milioni 2,500, kwa sehemu kubwa ni tabaka za mawe yenye chuma, yaliyolaliana moja juu ya jingine. Na kwamba kabla hajatokea mtu wa kuing'ang'ania dhahabu hiyo, walikuwapo watu ambao katika nchi hiyo hiyo walikitafuta chuma, wakakipata, na kwacho wakazifungamanisha kaumu nyingi kwa biashara na kwa ndoa.

Kwa muda mrefu wanachuoni wengi walishikilia kwamba ufundi wa chuma uliteremka kusini kutoka Meroe, kana kwamba mtu wa maziwa makuu hakuweza kuwa na jambo la maana asilolipokea kwa jirani yake wa kaskazini. Dhana hiyo ilidhoofika pale Peter Schmidt, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, alipochimba Katuruka katika nchi ya Buhaya, magharibi ya ziwa, akiongozwa na masimulizi ya wazee juu ya makazi ya mfalme Rugomora Mahe, akakuta mabaki ya uhunzi wa kale mno pamoja na vyungu vya namna ile iitwayo Urewe. Kisha mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa miongo kadhaa, walikubali kujenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele yake na mbele ya mwenzake Donald Avery. Walichimba shimo, wakachomea humo manyasi ya kinamasi hata likajaa masalio meusi, wakatia mtapo, yaani mawe yenye chuma, na makaa, na mirija ya udongo wakaiingiza ndani kabisa ya tanuri badala ya kuikomesha ukingoni, ili upepo wa mivukuto upate joto kabla haujaufikia moto; na kilichotoka, kilipopimwa, kilikutwa na pua, yaani chuma kigumu, ndani yake. Taarifa ya wataalamu hao ilichapwa mwaka 1978, nayo ilieleza kwamba matanuri ya kufanana na hilo yalikuwa yakiwaka huko yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Upande wa kusini mwa ziwa, wenye elimu hiyo walikuwa Warongo, ambao Wasukuma huwaita Balongo. Si sahihi kuwahesabu kuwa ni watu wa damu moja, maana walitoka katika Wazinza, na Wasumbwa, na Wasukuma, na kilichowaunganisha ni kazi pamoja na siri zake, ambazo kijana hakufunuliwa mpaka amekwisha kuingizwa chamani na kutumika chini ya mafundi. Kiangazi kilipoingia waliziacha nyumba zao wakapiga kambi katika misitu ya miombo iliyoenea kutoka Uzinza hadi Kahama, kwa kuwa tanuri hula makaa mengi kuliko mtapo, na ni rahisi kuupeleka mtapo penye miti kuliko kuileta miti penye mtapo. Huko walikata magogo na kuyachoma makaa, wakafinyanga mirija ya udongo, wakawamba ngozi juu ya mivukuto, na katikati ya sakafu ya tanuri wakachimba kishimo kidogo ambamo mjuzi wao alizika dawa kabla ya moto kuwashwa.

Tanuri lilikuwa kwao mfano wa mwanamke mzazi, na bonge la chuma lilikuwa mtoto wake. Kwa sababu hiyo wayeyushaji walijitenga na wake zao muda wote wa kazi, na mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa kukaribia. Wako wanaoliita jambo hili ushirikina na kulipita upesi. Mimi naliona ndilo lililowaweka watu kambini, mbali na nyumba na pombe na magomvi, wakavumilia kufukuta mchana kutwa kwa zamu, mmoja akimpokea mwenziwe bila upepo kukatika, kwa kuwa upepo ukikatika kazi yote hugeuka kuwa mavi ya chuma yasiyofaa kitu. Kazi ya hatari kama hiyo haiendeshwi kwa ujuzi wa mikono peke yake. Huhitaji adabu, na adabu hiyo Warongo waliijenga kwa miiko.

Bonge lilipotolewa likiwa limechanganyika na taka, lilivunjwa, likarudishwa motoni mara nyingi na kupondwa juu ya fuawe la jiwe, hata likawa jembe lenye bapa pana la umbo la moyo na mkia mwembamba, ambao ulipenyezwa katika kichwa cha mpini wa mti mgumu. Jembe lilipolika kwa udongo mzito wa mbuga halikutupwa: mhunzi aliligeuza kisu, au tezo, au ncha ya mshale. Lakini jembe jipya lilikuwa na thamani kupita kazi ya shamba. Lilihesabiwa katika mahari, lililipwa kwa mtemi kama ushuru, na lilitolewa hongo kwa wenye njia, nayo hongo ilikuwa mzigo mkubwa kwa kila msafiri, kama alivyotambua msafiri Mwingereza Speke mwaka 1861 alipokawizwa Uzinza na mtawala Lumeresi.

Tazama sasa jinsi jiografia yenyewe ilivyowalazimisha watu kutafutana. Magharibi kulikuwa na mtapo na miti. Mashariki, katika nyanda za Shinyanga, kulikuwa na ng'ombe na mtama. Chumvi Wasukuma waliifuata kwa misafara hadi Ziwa Eyasi, na nyingine ilitoka Uvinza karibu na mto Malagarasi, ambako chumvi imepikwa tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma waliyabeba majembe hadi Tabora, na makisio ya wageni wa mwisho wa karne ya 19 yalitaja zaidi ya majembe laki moja kwa mwaka katika soko la mji huo. Watu wamezoea kulisimulia soko la Tabora kwa habari za pembe za ndovu na watumwa, na ni haki habari hizo zisisahauliwe; ila mzigo uliomlisha mkulima ulikuwa jembe, na jembe hilo lilitoka katika miombo ya Warongo.

Kazi hii haikuuawa na amri moja. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuja kwa meli na kwa reli, bei yake ikawa ndogo, na mhunzi akaona kwamba chuma chakavu cha wageni kinafulika upesi kuliko bonge linalodai msitu mzima na majuma ya kufukuta. Kwanza uyeyushaji ulipungua, kisha ukabaki mikononi mwa wazee wachache, na mwishowe ufuaji peke yake ndio uliosalia. Wasukuma wamelihifadhi jembe katika ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hulirusha na kulizungusha kwa mdundo wa kilimo cha pamoja, na jumba la makumbusho la Bujora karibu na Mwanza limewawekea wahunzi mahali pao. Nao wahunzi wenyewe hawajaondoka: katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mvukuto ungali ukipuliza makaa, na fundi hunoa moko, ile patasi nene ya kuvunjia mwamba, kwa kuwa mchimbaji anayeshuka duarani, yaani shimoni, na moko butu hupandisha mawe machache, na jioni hana cha kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe.