Mbegu ya Mti Ina Kwao

Katika somo lililopita tulizungumza habari za kitalu na kumwagilia miche. Leo turudi nyuma kidogo, tuulize jambo ambalo wengi wetu hatuliulizi: mbegu yenyewe imetoka wapi?

Mtu akinunua mbuzi huuliza habari za mama yake. Lakini mbegu za miti huziokota chini ya mti wowote ulio karibu na njia, hasa mti mfupi wenye matawi ya kufikiwa kwa mkono. Nami nimefanya hivyo, siwezi kukana. Kosa la mbuzi utaliona mwaka huu. Kosa la mti utaliona baada ya miaka 20, shamba limekwisha kujaa.

Basi sikilizeni habari za msunobari mmoja, ambao wataalamu huuita Pinus radiata. Mti huu hukua upesi, kwa hiyo ulipandwa kwa wingi Australia, New Zealand na Chile, na huku kwetu katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Mwaka 1957 ugonjwa wa kuvu ukaonekana Tanganyika, na miaka michache baadaye ukawa Kenya. Majani yaliota mistari myekundu, yakakauka, yakapukutika. Wenye misitu wa kwetu wakaacha kuupanda mti ule, wakashika miti mingine.

Sasa, kwao mti huu ni wapi? Ni mahali patano tu duniani. Pwani ya California kuna Año Nuevo, Monterey na Cambria. Na katika bahari ya Mexico kuna visiwa viwili, Cedros na Guadalupe. Mbegu zilizopelekwa Australia na New Zealand katika karne ya 19 zilitoka hasa Año Nuevo na Monterey. Yaani mamia ya maelfu ya hekta za misitu ni wana wa koo mbili, na koo tatu zilizosalia karibu hazikuonja safari.

Mwaka 1978 wataalamu wa Australia na Marekani walikwenda kuchuma mbegu mahali pote patano. Hawakuzichanganya. Kila mbegu iliandikwa kwao, ikapandwa peke yake, na tofauti zikaonekana wazi: miti ya Cambria iliumwa zaidi na ule ugonjwa wa majani, na ile ya Guadalupe ilikuwa na shina lililonyooka na mbao nzito zaidi. Sisemi kwamba mbegu nyingine ingeiponya misitu yetu. Unyevu wa nyanda zetu uliufaa sana ugonjwa ule. Lakini New Zealand, walikopatwa na ugonjwa huohuo, walinyunyizia dawa ya shaba, tena wakachagua mbegu za miti iliyostahimili. Mwenye mbegu za namna moja tu angechagua nini?

Na Guadalupe kulikuwa na hatari kubwa. Mbuzi walioletwa kisiwani katika karne ya 19 walikula kila mche uliochipua. Ilibaki mia kadhaa ya miti mizee, isiyo na mtoto hata mmoja chini yake. Mbuzi wale waliondolewa katika miaka ya 2000, na miche ikaanza kuota tena. Kama wale wazee wangalikufa kwanza, ukoo mzima ungalikwisha porini, ukabaki katika mashamba ya majaribio tu.

Nyumbani, basi, unapochuma mbegu za mti wa asili, usichume kwa mama mmoja. Wataalamu hushauri miti isipungue 30, iliyo mbalimbali kwa mita 50 au zaidi, maana miti jirani mara nyingi ni ndugu. Chukua kiasi sawa kwa kila mti. Andika mahali na tarehe, karatasi iingie ndani ya mfuko wa mbegu.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: nenda kwenye kitalu kilicho karibu nawe, uulize mbegu zao zilichumwa msitu gani, na kwa miti mingapi. Andika jibu utakalopewa, hata kama ni kwamba hakuna ajuaye.