Alerji kali: adrenalini mbele ya safari ya hospitali

Huko Ibanda, Kadutu ao Bagira, mutu anaweza kupigwa sindano ya penisilini, kuumwa na nyuki ao kula karanga, na kisha dakika chache mwili unaanza kumuwasha. Kama ulimi unavimba, sauti inakauka, anapumua kwa shida ao anazimia, hiyo si mwasho wa kawaida: ni alerji kali, na inaua haraka. Wakati mwingine ngozi haionyeshi kitu.

Asipelekwe moja kwa moja Panzi ao hospitali kuu kama kituo cha afya kiko karibu. Pale muganga anaanza na adrenalini, ndani ya musuli wa paja, upande wa inje: miligramu 0.5 kwa mukubwa, 0.3 kwa mutoto wa miaka 6 hadi 12. Bila nafuu kisha dakika 5, anarudilia. Dawa za mwasho na kotizoni hazichukui nafasi yake.

Mugonjwa alale, miguu juu. Akikosa pumzi, akae miguu ikinyooshwa. Asitembezwe kwenye mupando kutafuta pikipiki: tansio inaweza kuanguka, moyo ukasimama. Abebwe.

Hata akipata nafuu, achungwe masaa kadhaa, sababu alerji inaweza kurudi. Na jina la dawa iliyomuzuru liandikwe kwenye fishi yake.