Mkaa wa Kisarawe na Kibaha: Nishati Isiyofika Kwenye Injini

Kabla ya mafuta ya petroli kutawala, wavumbuzi kadhaa wa Ulaya waliweka matumaini yao kwenye vumbi. Injini ya ndugu wawili Wafaransa, Nicéphore na Claude Niépce, iliyopewa hataza mwaka 1807, ilisukuma mashua katika mto Saône kwa milipuko ya unga laini uliopulizwa ndani ya chemba ya hewa, na baadaye wakajaribu vumbi la makaa ya mawe lililochanganywa na utomvu. Rudolf Diesel naye, alipoomba hataza mwaka 1892, aliyahesabu makaa yaliyosagwa miongoni mwa nishati za injini yake, wazo ambalo Rudolf Pawlikowski aliliendeleza kwa miaka mingi mjini Görlitz. Kikwazo kikubwa kilikuwa majivu, ambayo hukwangua silinda na pistoni hadi injini ikapoteza nguvu.

Nchini Tanzania, katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, zilizojaa mkaa wa miti badala ya makaa ya mawe, injini zilipita zikiwa na nishati nyingine. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, ilipita Soga na Ruvu kwa vichwa vya treni vya mvuke vilivyochoma kuni. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na kupita Mzenga, ilianza moja kwa moja na dizeli. Hivyo mashine yenye jina la mtu aliyewahi kuliwazia vumbi la makaa ilikatiza nchi ya mkaa bila kuuhitaji.

Mkaa wenyewe ulielekea jikoni. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huunguzwa kwa hewa kidogo ili maji na gesi vitoke na kaboni ibaki. Tanuri la namna hii hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni, ingawa halihitaji mtaji, na ndiyo sababu limedumu. Watafiti waliofuatilia misitu inayoizunguka Dar es Salaam walionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 ukataji wa miti ya mkaa ulisogea mbali na jiji kwa kasi iliyofikia kilomita 2 kwa mwaka. Kisarawe na Kibaha, zilizo karibu na walaji, zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kukatwa, na lawama kwa mchoma mkaa peke yake humsahau mnunuzi wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Chenga zinazobaki tanurini na sokoni ndizo zinazokaribia zaidi ndoto ya Pawlikowski, lakini huchanganywa na udongo au uji wa muhogo, zikashindiliwa kuwa mkaa mbadala wa jiko, ambamo majivu hayana pistoni ya kuikwangua.