Habari za Kubadilishana Vitu katika Ugogo

Katika nyumba nyingi za nchi yetu mna vitu visivyo na kazi tena. Sufuria kubwa iliyopikia watu kumi, na sasa wamebaki wazee wawili. Taa ya chemli isiyowashwa tangu umeme ulipofika. Sare ya shule inayombana mwenyewe. Kitanda kidogo cha mtoto ambaye leo ana watoto wake. Vitu hivi hukaa pembeni vikiliwa na mchwa na kutu. Na nyumba ya tatu toka hapo yuko mama apikaye kwa sufuria ya kuazima, na mtoto aonaye haya kwenda shuleni kwa sababu ya kaptula iliyopasuka. Ndiyo sababu watu huuliza: je, hatuwezi kuweka siku moja, kila mtu alete asichokihitaji na kuchukua akitakacho, pasipo fedha?

Wako wasemao kwamba jambo hili ni geni, la watu wa mijini. Wengine hujibu kwamba ni la wazee wetu hasa, eti zamani watu walipeana kila kitu bure. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimesema upesi mno. Tumeona vema kueleza jinsi vitu vilivyotoka kwa mtu huyu kwenda kwa mtu yule katika nchi hii tangu zamani za misafara, maana atakaye kuipanga siku hiyo bila kuyajua hayo atashangaa watu wakimkwepa.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Msafiri aliyetoka Mpwapwa alivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji mema, ndipo akaingia nchi ya Wagogo. Na akitoka Ugogo kwa upande wa magharibi alikabiliwa na Mgunda Mkali, nyika ya pili. Basi kila msafara ulihitaji maji na nafaka ya Ugogo, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kuepuka. Watemi wakatoza hongo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, nao waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo, kana kwamba maji ya nchi yenye mvua chache hivi hayana mwenyewe.

Hongo ililipwa kwa doti za nguo, na doti moja ilikuwa mikono minane. Nguo iliyopendwa ni merikani, yaani nguo ya pamba iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem katika Massachusetts. Na pamoja nayo kaniki na shanga. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipotokea tangu 1861 hata 1865, merikani ikaadimika, na nguo za Bara Hindi zikapata nafasi. Hivyo mtu aliyekaa Mvumi, ambaye hakupata kuiona bahari, alivaa nguo iliyopanda au kushuka thamani kwa vita vya watu asiowajua. Nao wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka magharibi hawakuwa na nguo za kulipa. Wao walitoa majembe ya chuma.

Basi haikuwa bure. Hapakuwa na sarafu, walakini kila kitu kilikuwa na kipimo chake, na watu walijadiliana siku nzima, hata mbili.

Bure ilikuwako mahali pengine. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa rafiki na ndugu waliokaa mbali. Aliyewatunza alipata maziwa na samadi, na ng'ombe wakabaki mali ya mwenyewe. Maradhi yakiingia upande huu, au mvua ikikosa upande ule, si wote waliopotea. Na aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa mwenziwe hakuitwa maskini, aliitwa rafiki. Tena hapakuwa na hesabu ya kumalizana, maana watu wakimalizana urafiki nao umekwisha. Hili twaomba msomaji alishike, tutalirudia. Hata mpango huo ulivunjika sotoka ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa kuwa ilichagua wala karibu wala mbali.

Kisha ikaja fedha. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi ilimlazimu mtu kutafuta rupia hata kama hakuwa na haja ya kununua kitu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Toka hapo mbuzi alikuwa na bei, na kibuyu cha asali kilikuwa na bei.

Sasa twafika mahali pa kukaa kidogo, yaani njaa ya Mtunya. Wazee husema jina hilo maana yake ni kugombania, watu kunyang'anyana chakula. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa mwaka mzima haipiti sana milimita 570. Nchi ya namna hii huishi kwa akiba: nafaka katika vilindo, na ng'ombe wa kubadili kwa nafaka mwaka mbaya. Vita Kuu ilikula akiba zote mbili. Majeshi ya Wadachi yalichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walipouteka mji wa Dodoma Julai 1916 wao nao wakachukua, pamoja na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosa, na njaa ikashika nchi hata 1920. Homa ya mafua iliyozunguka dunia yote mwaka 1918 na 1919 ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Wamekisia kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu 30,000 kati ya 150,000, ndiyo kusema mtu mmoja katika kila watano.

Watu walitoka kwenda kuhemea. Neno hili kila Mgogo alijua: ni kwenda kwa majirani wa mbali kutafuta chakula kwa kutoa ulicho nacho. Kwanza walitoa ng'ombe, kisha mbuzi, kisha vitu vya nyumbani. Na wako waliofika hata kuweka watoto wao rehani ili wapate nafaka. Aliyekuwa na nafaka hakusema uongo aliposema, "Haya ni makubaliano." Lakini mwenye njaa hawezi kukataa, na pasipo uwezo wa kukataa makubaliano ni jina tu. Njaa nyingine zimekuja baadaye, kama ile ya 1942 na 1943 na ile ya 1961, na kila mara vitu vya nyumbani vilitoka mlangoni kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mzee wa kwetu akisikia kwamba kutakuwa na siku ya kubadilishana vitu, huenda moyo wake ukakumbuka kuhemea kabla ya kukumbuka furaha. Asichekwe.

Tuache mambo mazito, tutaje debe. Debe lilikuja likiwa limejaa mafuta ya taa au petroli, galani nne, nalo lilipokwisha kumiminwa halikuwa na maana kwa aliyelileta. Kwetu likawa ndoo ya maji, chombo cha kupikia pombe, bati la kuziba paa, na zaidi ya yote kipimo cha nafaka. Hata leo mahindi na uwele huhesabiwa kwa debe. Mwaka 1947 ulipoanza mpango wa karanga huko Kongwa, Waingereza walikusudia kulima eka zaidi ya milioni tatu, wakaleta mitambo iliyobaki baada ya vita, mingine kutoka Ufilipino. Mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Karanga hazikuonekana za kutosha hata kusimuliwa. Na mitambo yenyewe mingi ilikuwa tayari mabaki ya vita kabla haijafika kwetu. Tofauti yake na debe ni kwamba debe lilipata kazi.

Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakahamia vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Aliyewahi kuhama ajua kwamba siku ya kuhama ndiyo siku ya kupima vitu: kinu kizito na jiwe la kusagia vilibebwa na mwenye nguvu au mwenye nafasi katika lori, na asiye na nafasi aliviacha.

Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa ziliadimika nchi nzima, sabuni, nguo, sukari, hata viberiti. Tangu 1984 milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, nguo kuukuu za Wazungu zikajaa minadani. Zaitwa mitumba, na neno hilo si jipya: mtumba ulikuwa ule mzigo wa nguo aliouchukua mpagazi begani katika njia ya misafara. Nguo hizo aghalabu zilitolewa bure na mwenyewe huko ng'ambo. Zikifika mnada wa Msalato zina bei. Hatumlaumu mwuzaji, maana naye ana watoto. Twataka tu kuonyesha kwamba kitu kikitolewa bure na mtu asiyemjua mpokeaji, njiani huota bei.

Waingereza walipata kulitatua jambo hili kwa namna yao wakati wa vita. Nguo zilianza kugawiwa kwa kipimo tarehe 1 Juni 1941, na watoto hawaachi kukua kwa sababu ya vita. Chama cha wanawake wa kujitolea, kilichoanzishwa mwaka 1938, kilifungua mahali pa kubadilishana nguo za watoto. Mama alileta koti lililombana mwanawe, likahesabiwa alama, naye kwa alama hizo akachukua koti kubwa zaidi. Fedha haikutumika. Mke wa tajiri na mke wa kibarua walisimama mbele ya meza moja, wala hakuna aliyeombaomba. Na mwaka 2003, katika mji wa Tucson huko Marekani, walianza kutangaziana vitu kwa intaneti, kwa sharti kubwa moja, kwamba kila kitu kitolewe bure. Mpango huo huitwa Freecycle, na umeenea nchi nyingi.

Kwetu je? Makanisani tuna desturi ya kunadi sadaka ya mazao baada ya ibada, yai, kuku, kibuyu, nasi twaipenda, tena huchangamsha. Lakini mnada humpa kitu mwenye fedha nyingi, hivyo haufai kwa kazi hii. Twashauri siku hiyo iwe mwezi wa Julai, vilindo vikiwa vimejaa, kamwe isiwe Januari. Mwezi wa Januari atakuja mtu na sufuria yake ya pekee, atarudi kwake na kitu cha kuuza, na jioni hana cha kupikia. Kwa sababu hiyo hiyo nafaka na mifugo visiletwe kabisa. Likiingia debe moja la uwele uwanjani, vitu vyote vitaanza kupimwa kwa debe, na hapo tumerudi kuhemea.

Tena wako wenye hofu kupokea kitu wasichojua kimetoka kwa nani, hasa nguo na vyombo vya kulia, nao wana sababu zao ambazo hatutazijadili hapa. Kurundika vitu pamoja mezani pasipo mwenyewe hakutafaa. Afadhali kila mtu akae na vitu vyake juu ya mkeka wake, aseme, "Hiki nilikinunua mwaka fulani, mpini wake umelegea," na mpokeaji ampe mkono. Vitu vya marehemu visiletwe mpaka ndugu wamekwisha kukaa na kukubaliana.

Kuhusu alama za Waingereza, tumefikiri sana, na twaona hazitufai. Asiye na kitu cha kuleta ndiye mwenye haja zaidi, naye kwa hesabu ya alama angerudi mikono mitupu. Heri kila nyumba ipewe vikaratasi vitatu langoni, iwe imeleta kitu au haikuleta, na kila kikaratasi kichukue kitu kimoja. Saa nane vikaratasi vikome, kila mtu achukue atakacho. Hivyo mchuuzi kutoka mjini hatazoa mkokoteni mzima asubuhi. Anaweza kuzoa baada ya saa nane, na hapo hakuna ubaya, vitakuwa vimepita mbele ya macho ya kijiji.

Mjini Dodoma kazi itakuwa ngumu zaidi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, na mji kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, wengi ni wageni wa wengine, na jirani hajui jina la jirani. Huko pengine waanze kwa mtaa mmoja, nyumba ishirini tu.

Na vitakavyobaki jioni, kila mtu arudi na vyake. Visiachwe uwanjani wala stoo ya shule hata kwa usiku mmoja, maana baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka ni vya nani, na mwalimu ndiye atakayeulizwa.