Maziwa Mawili na Watoto wa Shule

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni mwema huja na jambo la kumfaa mwenyeji wake, naye hurudi kwao akiwa amefaidika vile vile. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila kundi la wanafunzi lifungalo safari kwenda kuzuru shule ya nchi nyingine, kwa maana ziara isiyo na kupeana ni matembezi tu. Tuseme basi kwamba wanafunzi wa Nakuru wanakwenda kuzuru shule ya msingi huko Japani. Je, watakwenda na nini, na watarudi na nini? Jibu limo katika historia ya maziwa mawili.

La kwanza ni Ziwa Nakuru. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1900, mji ulianza kukua kando ya stesheni, nao haukuacha kukua mpaka ukapewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021. Kusini mwake liko ziwa lenye maji ya magadi, lisilo na kina kirefu, ambalo limejulikana duniani kote kwa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilifanywa hifadhi ya ndege, na mwaka wa 1968 likawa mbuga ya taifa. Katika mwaka huo huo wa 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha chama cha Wildlife Clubs of Kenya, ili vijana wajifunze kuwatunza wanyama na mazingira yao. Lakini ziwa hili halina mto utokao. Mito huingia, wala haitoki. Kwa hiyo kila uchafu unaoshuka kutoka mjini na mashambani hubaki humo humo.

La pili ni Ziwa Biwa, lililoko katika mkoa wa Shiga. Hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Japani, nalo lina upana wa kilomita za mraba zipatazo 670. Mamilioni ya watu hunywa maji yake. Mwaka wa 1977 maji hayo yalibadilika rangi na kutoa harufu mbaya, kwa sababu vijimea vidogo vya majini vilikuwa vimezaliana kupita kiasi. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa fosforasi iliyotiwa katika sabuni za unga za kufulia nguo. Akina mama wa Shiga hawakungoja kuokolewa na mtu mwingine. Waliziacha sabuni hizo, wakarudia sabuni za kawaida, wakawashawishi na jirani zao. Mwaka wa 1979 mkoa ukapitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa sabuni zenye fosforasi.

Wazee wa Shiga waliona pia kwamba sheria peke yake haitoshi, kwa kuwa mtoto asiyelijua ziwa hawezi kulipenda. Basi mwaka wa 1983 walianza kuwapeleka watoto wa darasa la tano ziwani katika meli iitwayo Uminoko. Watoto wa shule mbalimbali hulala humo pamoja, huchota maji, huyapima, na kuyatazama kwa hadubini. Hivyo meli yenyewe ni darasa.

Maziwa haya mawili hayakukaa bila kujuana. Tangu mwaka wa 1966 vijana wa Kijapani wa kujitolea wamekuja Kenya, na miongoni mwao wamo walimu. Katika miaka ya 1990 Japani ilisaidia kukarabati na kupanua mitambo ya kusafisha maji machafu ya Nakuru, ili ziwa lisizidi kuchafuka. Aidha, mkutano wa dunia kuhusu maziwa, uliofanyika kwa mara ya kwanza huko Shiga mwaka wa 1984, ulifanyika Nairobi mwaka wa 2005.

Sasa tuwarudie wanafunzi wetu. Katika shule ya Kijapani watavua viatu mlangoni na kuvaa vingine vya ndani. Watawaona watoto wakipakuliana chakula cha mchana, kisha wakifagia na kupangusa madarasa kwa mikono yao wenyewe. Jambo hili la mwisho halitawashangaza, kwani hata kwetu mwanafunzi hushika ufagio kabla ya kushika kalamu. Litakalowashangaza ni mtoto wa miaka kumi na mmoja atakapowauliza, "Na maji ya ziwa lenu yana hali gani?"

Hilo ndilo swali ambalo mgeni hana budi kuwa tayari kulijibu. Na yako mengi ya kujibu. Tangu mwaka wa 2010 hivi Ziwa Nakuru limefurika. Kutoka kilomita za mraba karibu 40, lilikuwa limepita 60 ilipofika mwaka wa 2020. Maji yalifunika lango kuu la zamani la mbuga, yakaingia katika nyumba za watu, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine. Mwanafunzi aliyekwisha kusimama ukingoni, akaona miti iliyokufa majini na kuzungumza na jirani aliyehama nyumba yake, ana somo ambalo halipatikani katika meli ya Uminoko. Asiyepata kufika ziwani, ingawa alizaliwa umbali wa saa moja kwa miguu, atanyamaza kimya, na safari yake ndefu itakuwa ya kupokea tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ziara ya kwenda mbali huanzia nyumbani. Litembelee kwanza ziwa lako, au mto wako, au msitu wako. Uliza wazee ulivyokuwa, pima ulivyo leo, uandike uliyoyaona. Hapo ndipo utakapokuwa mgeni ambaye mwenyeji wake atapona kwa kuja kwake.