Rambo Iliposhindikana Kupimwa

Mfuko mwepesi wa plastiki, Watanzania waliuita rambo, Wakenya juala, Waganda kaveera. Ilitolewa bure sokoni, ikabeba nyanya hadi nyumbani, kisha ikaishia mtaroni, tumboni mwa ng'ombe au juu ya mti wa miba.

Serikali za Kenya na Uganda hazikukimbilia kuipiga marufuku. Zilianza kwa kuipima. Mwaka 2007 Kenya ilikataza mifuko isiyofikia unene wa maikroni 30, na mwaka 2011 ikataka kiwango kipande hadi 60. Uganda nayo ikaja na katazo la maikroni 30. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Askari wa jiji angeupima unene huo kwa vidole vipi? Mwenye kiwanda alisema mfuko wake ni mnene, mwenye duka akasema hajui, na rambo zikaendelea kugawiwa.

Bangladesh ilikuwa imekwisha kuliruka swali hilo. Mwaka 2002 iliikataa mifuko hiyo, kwa kuwa iliziba mitaro na kuzidisha makali ya mafuriko ya 1988 na 1998. Zanzibar ikafuata mwaka 2006, Rwanda 2008. Abiria aliyetua Kigali na mfuko wa plastiki alitakiwa auache uwanjani hapo hapo, uwe mnene au mwembamba.

Kenya ilifika kwenye katazo lisilojali unene tarehe 28 Agosti 2017, baada ya Mahakama Kuu kukataa kuzuia katazo hilo. Faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka minne, ilivuma duniani kote. Lakini adhabu kubwa pekee isingetosha. Nguvu ya sheria hii ni kwamba kosa sasa lilionekana kwa macho.

Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, ilipanga adhabu kwa ngazi, na hapo ilikuwa makini zaidi: mtengenezaji alikabiliwa na faini ya kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni moja, mtumiaji kuanzia 30,000 hadi 200,000.

Mwanya ukabaki kwenye vifungashio. Plastiki ya kufungia bidhaa iliruhusiwa, na haikuchukua muda vifuko vyepesi visivyo na mikono vikaanza kubebea vitunguu na dagaa sokoni. Mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo iliwekewa kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Mgambo akarudishwa kule kule kwenye kupima!

Wakati huohuo orodha ya vilivyokatazwa inarefuka. Rwanda iliongeza mirija, sahani na vikombe vya kutumia mara moja kwa sheria ya 2019. Kenya ilizuia chupa za plastiki za namna hiyo kuingizwa katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu kuanzia Juni 2020, kisha sheria yake ya taka ya 2022 ikamtwisha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya mteja kuitupa.