Bawabu, Kontena na Barua Pepe: Historia Fupi ya Istilahi Tatu

Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya istilahi tatu ambazo hana budi kuzifahamu mtu anayetaka kusimika mfumo wake mwenyewe wa barua pepe, badala ya kuhifadhiwa barua zake na kampuni ya ng'ambo. Mbili twaziona zinafaa. Ya tatu twaona inahitaji kusahihishwa.

Tuanzie Masama, katika Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa miaka mingi barua haikupelekwa kihambani. Mtumaji aliandika jina la ndugu yake, kisha "kwa mkono wa" mwalimu mkuu, usharika au chama cha msingi cha kahawa, kisha nambari ya sanduku la posta. Anwani ilikuwa moja, wapokeaji wengi. Karani alilichukua furushi, akasoma majina na kumgawia kila mtu barua yake. Mtumaji hakujua kihamba kiko wapi, wala hakuwa na haja ya kujua.

Barua ya kwanza ya kompyuta kupita katika mtandao ilitumwa na Ray Tomlinson, Mmarekani, mwaka 1971. Kiswahili kiliiita barua pepe, na "pepe" hutukumbusha upepo. Istilahi hiyo imekubalika kwa sababu haikugusa kiini cha jambo: barua imebaki barua, kilichobadilika ni chombo cha kuisafirisha.

Kontena lilifika kwetu kwa njia ya bandari. Mwaka 1956 meli Ideal X ilichukua makasha 58 ya kipimo kimoja kutoka Newark hadi Houston. Mwaka 2013 programu iitwayo Docker ilieneza wazo hilohilo katika kompyuta: programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikaweza kuendeshwa katika mashine yoyote inayofaa. Basi neno litumike, ila kwa tahadhari. Kontena tulizoea kuliona likigeuzwa duka kando ya barabara, likakaa hapo miaka. Kontena la kompyuta hutupwa na kuwekwa jingine kila toleo jipya linapotoka. Tuchukue mfano wa Roundcube, programu ya kusomea barua kwa kivinjari. Barua zenyewe hukaa katika seva ya barua, lakini daftari la anwani hukaa katika hifadhidata. Hifadhidata hiyo ikiachwa ndani ya kontena bila ghala la nje, siku kontena linapotupwa daftari nalo hupotea.

Sasa tufikie istilahi ya tatu. Mbele ya makontena huwekwa seva inayopokea maombi yote ya nje. Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, hutumika sana kwa kazi hii. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "seva wakala ya kinyume". Hapo maana inapotea. Wakala humwakilisha yule aliyemtuma. Na kitu cha kinyume, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni kile kinachopinga. Seva hii haipingi mtu. Inawasimamia walio ndani, kama karani wa Masama: anwani inayojulikana ni yake, cheti cha usalama ni chake, husoma jina lililoombwa na kulipeleka ombi kwenye kontena linalohusika.

Kosa la jina huzaa kosa la kazi. Asiyeelewa kwamba huu ndio mlango pekee huacha makontena yakiwa wazi kwa nje, na maneno ya siri yakapita bila kufichwa. Tena mlinda mlango asipowaarifu walio ndani ni nani aliyebisha, kumbukumbu zitaonyesha kwamba wageni wote ni yeye. Mhalifu mmoja akibahatisha maneno ya siri na kufungiwa, watu wote hufungiwa pamoja naye.

Kwa hiyo twapendekeza "seva bawabu". Bawabu ni neno la zamani katika lugha yetu, na kila msomaji hujua kazi yake ni kusimama mlangoni kwa niaba ya wenye nyumba. Jambo hili si dogo. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kufanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, imejenga mfumo wa barua pepe wa Serikali yenyewe. Vijana watakaoitunza mifumo ya namna hiyo wafundishwe kwa maneno yanayosema kweli juu ya kazi yao. Tunawakaribisha wasomaji kutoa maoni yao.